Filta Iliyokubali Uzi

Wewe uliiona. Usiseme hukuiona.

Ilikuwa taa ndogo nyekundu, yenye umbo la birika linalodondosha tone. Iliwaka mbele ya macho yako ulipogeuza ufunguo. Injini ikanguruma, taa ikabaki. Ukajua si sawa. Kisha ukatazama kioo cha pembeni, ukafungua redio, ukauliza kama kuna foleni barabara ya Outer Ring. Taa ikazima. Ukasema, imezima, basi. Ukaondoka.

Kesho yake ukafanya vilevile.

Mtaa mzima umefanya hivyo. Umefanya hivyo tangu enzi za lori za pua ndefu zilizoleta mawe ya kujenga nyumba hizi. Zunguka nyuma ya gereji yoyote ya Eastlands uone. Injini zimelala hapo, zimeota nyasi. Ulizia zilikufa vipi, utaambiwa ni uzee. Si kweli. Nyingi ziliuawa, tena ziliuawa na watu waliozipenda, kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Leo hutageuza macho. Utasoma habari ya Waithera na Bedan mpaka mwisho.

*

Waithera na mume wake Bedan wanaishi mtaa wa Lucky Summer. Wana binti mmoja, Shirleen. Kazi yao ni matairi, si mapya, yale yaliyokwisha. Wanayakusanya mtaa wa Baba Dogo, nyuma ya maduka na karakana. Wanayapeleka soko la Kariokor, na huko mafundi wanayakata kuwa viatu vya akala. Ukivaa akala za Kariokor, huenda unatembelea tairi lililopita mikononi mwa Waithera.

Tairi moja utalibeba begani. Matairi arobaini huwezi. Kwa hiyo wana pikapu. Ni nyeupe, ya dizeli, na umri wake unakaribia mara mbili ya ule wa Shirleen.

Mwezi wa Machi injini ya pikapu hiyo ilikufa. Ilikuwa Juja Road, ikiwa na mzigo. Iligonga mara tatu, kama mtu anayebisha mlango kwa nyundo. Ikanyamaza. Haikuwaka tena.

Waithera alikuwa na kibanda cha mboga. Alikiuza, pamoja na mizani na meza. Wakanunua injini nyingine, iliyotolewa kwenye gari la kutoka ng'ambo. Siku ilipofungwa, Waithera alimwambia mumewe maneno machache.

"Baba Shirleen, hii ikifa hakuna ya tatu. Sina kibanda kingine."

Bedan aliitikia kwa kichwa. Alijua ni kweli.

Sasa ni Julai. Asubuhi Lucky Summer ni baridi, pumzi za watu zinatoka kama moshi. Bedan amekaa kwenye usukani. Waithera yuko kando yake. Bedan anawasha. Injini inakubali. Lakini pale mbele, chini ya stika ya njano iliyoandikwa MUNGU MBELE, kuna wekundu unaopenya.

Bedan mwenyewe ndiye aliyebandika stika hiyo. Aliibandika juu ya taa ya oili.

Waithera aliinua ncha ya stika kwa ukucha.

"Baba Shirleen, taa bado inawaka."

"Inaamka hiyo. Kwani wewe ukiamka hukai kidogo kitandani?"

"Mimi nikiamka siwaki nyekundu."

"Ungejiona."

Waithera hakucheka. Alikuwa akihesabu. Moja, mbili, tatu. Alifika tisa, taa ikazima.

"Ni tisa," alisema. "Wiki jana ilikuwa sita. Mwezi wa tano ilikuwa tatu."

"Sasa umekuwa saa ya ukutani?"

"Injini hii ni kibanda changu, Bedan. Nitakihesabu."

Waithera anapomwita Bedan badala ya Baba Shirleen, mambo si mchezo.

"Sawa," alisema. "Leo nitaibadilishia oili na filta. Na safari hii nitaweka dawa yenyewe."

*

Mchana Bedan alienda dukani, kwenye duka la vipuri lililo njiani. Alibeba pakiti tupu ya filta ya zamani, kile kichujio cha oili.

Pale kaunta kuna kipande cha chuma chenye uzi, yaani mistari ya kukazia kama ya bolti. Kimechomelewa kwenye bamba. Kila mteja anayenunua filta huijaribu hapo. Unaizungusha kwenye chuma. Ikiingia vizuri, watu husema imekubali. Unalipa, unaenda.

Chuma hicho kina miaka mingi. Kimeng'aa kwa kushikwa. Baba ya mwenye duka alikitumia, na mwenye duka anakitumia. Vizazi viwili vya madereva vimesimama pale na kukiuliza chuma swali moja tu: inaingia? Chuma hakiwezi kujibu swali ambalo hakikuulizwa.

Bedan alizungusha filta mpya, ya aina ile ile ya pakiti. Ikaingia.

"Imekubali," alisema mwenye duka.

"Imekubali," alisema Bedan. "Sasa nipe oili. Nipe ile nzito kabisa."

"Ya hamsini?"

"Hiyo hiyo. Taa yangu inachelewa kuzima. Ni oili nyepesi inakimbia."

Bedan alifungua mtungi, akachovya kidole, akasugua oili kati ya vidole viwili. Ilivutika kama asali. Akatabasamu.

"Injini kuukuu hainywi chai, buda. Inataka uji."

Wote wawili walicheka. Jioni kabla giza halijaingia, Bedan alimwaga oili ya zamani, akafungua filta ya zamani, akafunga mpya. Alifurahia kitu kimoja. Filta ya zamani ilitoka karibu tupu. Haikumchafua mikono.

*

Asubuhi iliyofuata, Bedan aliwasha kwa madaha.

Waithera alianza kuhesabu. Alifika tisa. Akafika kumi na mbili. Akafika kumi na saba. Kisha chini, miguuni kwao, kitu kikaanza kugonga.

Ko. Ko. Ko.

Waithera alinyoosha mkono, akazima ufunguo.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nazima."

"Majirani wanatuangalia, Mama Shirleen. Unaniaibisha."

"Majirani hawatatununulia injini."

"Nimeendesha magari kabla hujaolewa!"

"Na moja ukalizika Juja Road."

Maneno hayo yaliingia mahali pake. Bedan alishika usukani wa gari lililozimwa, akatazama mbele. Mlio ule aliujua. Aliusikia mwezi wa Machi.

"Watu wa Kariokor wanangoja matairi," alisema taratibu.

"Nimeshawapigia simu moyoni. Sasa nitawapigia kwa mkono. Leo hayaji. Iko wapi ile filta uliyotoa jana?"

"Iko kwa ndoo ya rangi."

"Ilete. Tunaenda kwa Aqsa."

"Aqsa msichana?"

"Aqsa mwenye duka."

*

Waithera alimjua Aqsa kwa sababu ya matairi. Nyuma ya duka la Aqsa, Baba Dogo, kuna uwanja mdogo. Watu huacha matairi yao hapo, na Waithera huyachukua. Duka ni la Mzee Musab, baba ya Aqsa. Watu wao walitoka pwani zamani. Sasa magoti yamemzuia mzee kusimama, na Aqsa ndiye anayefungua mlango kila asubuhi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba," alisema Aqsa. "Leo mmekuja kwa miguu? Pikapu iko wapi?"

"Imelala," alisema Waithera. "Nimeizima mimi."

"Amezima kazi," alisema Bedan. "Mzee yuko?"

"Yuko nyumbani."

"Nilitaka mtu wa injini."

"Basi umempata mtu wa duka, baba. Injini umeiacha Lucky Summer."

Waithera alificha mdomo kwa leso. Bedan aliweka ndoo juu ya kaunta kwa kishindo kidogo.

"Nataka filta kama hii, lakini nzuri. Na usiniuzie bei ya town."

Aqsa aliitazama filta bila kuigusa.

"Siwauzii kitu bado," alisema. "Kwanza mnijibu. Injini yenu ni gani?"

"Ni ya pikapu. Pikapu unaijua, umeiona mara mia."

"Nimeona bodi, baba, lile bati la nje. Mlibadilisha injini mwezi wa tatu. Filta haivaliwi na bodi. Inavaliwa na injini. Nambari yake iko wapi?"

Bedan alikuna kidevu. Waithera alifungua mkoba. Alikuwa na karatasi waliyopewa na muuzaji wa injini, imekunjwa mara nne. Juu yake pameandikwa herufi na nambari.

"Ahsante, mama. Swali la pili. Filta ikiwa imefungwa kwenye injini, mdomo wake unatazama wapi? Juu, chini, au pembeni?"

Miaka yote Bedan aliyoendesha, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifumba macho. Akajiona chini ya gari, mkono umenyooshwa.

"Pembeni," alisema. "Imelala kama chupa iliyoangushwa."

"Na jana ulipoitoa, ilikuwa na oili ndani?"

"Karibu tupu. Safi kabisa. Sikuchafuka."

Aqsa alivuta pumzi.

"Hiyo ndiyo habari mbaya, baba. Ilitakiwa ikuchafue."

*

Alichukua kijiti cha kiberiti. Mdomo wa filta una tundu kubwa katikati, na vitundu vidogo vinavyolizunguka. Aqsa alisukuma kijiti kwenye kitundu kimoja. Kikapita. Kikazama mpaka vidoleni bila kugusa kitu.

Kisha alileta filta nyingine, mpya, kutoka rafu ya nyuma. Alimpa Bedan kijiti.

"Sukuma."

Bedan alisukuma. Kijiti kiligonga kitu laini. Kilibonyea, kikarudi.

"Kuna kitu ndani."

"Ni mpira. Ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Oili inaingia, lakini haiwezi kurudi. Kuna magari ambayo filta yake imesimama wima, mdomo juu. Hayo yanaweza kukaa bila mpira huu. Filta uliyonunua imetengenezewa gari la namna hiyo. Yako imelala. Usiku kucha oili inateremka, inarudi chini. Asubuhi unawasha, pampu inaanza kujaza filta tupu. Wakati inajaza, injini yako inazunguka kavu."

"Kavu kabisa?" aliuliza Waithera.

"Kavu kiasi cha kuumia. Ile taa si taa ya kuamka, mama. Taa hiyo inasema oili haijafika."

"Nimehesabu mpaka kumi na saba."

Aqsa alimtazama kwa heshima mpya.

"Umehesabu?"

"Kila siku."

"Lakini chuma cha dukani kiliikubali!" alisema Bedan. "Uzi uliingia!"

"Uzi huingia, baba. Mguu wangu unaweza kuingia kwenye kiatu chako. Siwezi kukimbia nacho."

Aqsa aliinama chini ya kaunta, akatoa chombo cha chuma chenye gurudumu dogo lenye makali, kama kile cha kukatia mabomba.

"Tuifungue," alisema. "Sitaki msumeno. Msumeno unaacha unga wake wa chuma, halafu hatutajua upi ni wa msumeno na upi ni wa injini."

Alizungusha chombo shingoni mwa filta. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kopo likaachia mlio mdogo, likatoka.

Ndani kulikuwa na karatasi. Ilikuwa imekunjwakunjwa, imezunguka kama kinanda cha mkono kilichokunjwa duara. Aqsa aliikata kwa wembe, akaanza kuivuta. Ilikuja, ikaendelea kuja. Aliitandaza juu ya kaunta. Ilikuwa na urefu wa mita moja hivi, nyeusi, na upande mmoja gundi ilikuwa imeachia.

"Yesu!" alisema Waithera. "Hii yote ilikuwa ndani ya kile kikopo?"

"Hii ni fupi, mama. Ngoja."

Alileta karatasi nyingine, aliyoikata siku nyingi na kuiweka ili kuonyesha wateja. Ilitoka kwenye filta sahihi. Waithera alishika ncha moja, Aqsa akashika nyingine. Waithera alirudi nyuma hatua moja. Karatasi ikafunguka. Akarudi hatua nyingine. Alifika mlangoni mwa duka, akatoka nje kidogo, na bado mikunjo ilikuwa haijaisha. Ilizidi mita mbili. Mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni alisimama.

"Hiyo ni nini, mathe?"

"Ni filta ya oili," alisema Waithera.

"Acha mchezo!"

"Naapa."

Yule mtu aliweka mkokoteni chini. Akaja kutazama. Wote wanne waliinamia karatasi ile. Walikuwa wameshika filta mikononi maisha yao yote. Walizitupa, walizipiga teke, walizifanya vishikio vya mlango. Isipokuwa Aqsa, hakuna aliyejua kwamba ndani yake mtu fulani, mahali fulani, alikunja shuka nzima, mkunjo kwa mkunjo, ili uchafu usipite.

"Sasa njooni muone hii," alisema Aqsa. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Alirudi kwenye ile karatasi nyeusi. Aliifuta taratibu kwa kitambaa, akaielekeza kwenye jua la mlangoni. Karatasi ilimetameta. Kati ya mikunjo kulikuwa na vipande vidogo, vyembamba, vya rangi ya fedha na vya rangi ya shaba. Vilikuwa vizuri kutazama. Vilikuwa kama mapambo ya harusi.

"Ni nini?" Bedan aliuliza, ingawa uso wake ulianza kujua.

Aqsa alichukua sumaku iliyotoka kwenye spika kuukuu. Aliipitisha juu ya karatasi. Vichache viliruka vikashika. Vingi havikusogea.

"Vinavyoshikwa na sumaku ni chuma. Hivi visivyoshikwa vinatoka kwenye beringi za chini, zile zinazobeba mhimili mkuu wa injini. Ni madini laini. Injini yenu imeanza kujichuna, baba."

Waithera alishika ukingo wa kaunta.

"Imekufa?"

"Haijafa. Inalia. Mmeisikia?"

"Ko, ko, ko," alisema Waithera.

*

Aqsa aliwaketisha kwenye makreti. Alimpa Bedan maji, maana jasho lilimtoka ingawa ilikuwa baridi.

"Huo mhimili mkuu mafundi huuita kranki," alisema. "Gari likiwa barabarani, unazunguka mara elfu mbili na zaidi kila dakika. Unakaa juu ya beringi. Sasa niambie, baba. Kranki inagusa beringi?"

"Lazima. Imekaa juu yake."

"Haigusi. Inaelea. Kati ya kranki na beringi kuna utando wa oili. Ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Tena mwembamba mara nyingi zaidi. Pampu inaleta oili, kranki inazunguka, utando unainua chuma chote kile. Siku ulipobeba matairi arobaini mpaka Kariokor, wewe, mama, matairi na pikapu yenyewe mlisukumwa na chuma kinachoelea juu ya kitu ambacho jicho halikioni."

Bedan alivua kofia. Hakuivua kwa joto. Aliivua kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Inaelea," alisema.

"Inaelea."

"Nimeendesha miaka ishirini na mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia inaelea."

Nani angemwambia? Kulikuwa na wakati kitabu cha gari kilifungiwa kabatini kwa bosi, na dereva akapewa ufunguo wa kuwashia tu. Bosi aliondoka. Kabati likabaki limefungwa. Watu wakafundishana kwa vidole, kwa harufu, kwa kipande cha chuma kwenye kaunta. Walijua mengi, na hawakuwa wajinga. Lakini ajabu hii kubwa, ya chuma kuelea, walinyimwa. Waliuziwa oili bila kuambiwa inafanya nini. Mtu aliyenyimwa habari hiyo atabandika stika juu ya taa. Kwa nini asibandike?

"Na ile oili nzito?" aliuliza Bedan. "Hamsini?"

"Soma mtungi huu," alisema Aqsa, akaweka mmoja mbele yake.

Bedan alisoma polepole. "Kumi na tano, W, arobaini."

"W ni ya baridi. Nambari iliyo kabla ya W inakuambia oili itatembea vipi asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, inakimbia haraka kwenda juu. Nambari ya pili inakuambia itabaki na uzito gani injini ikiwa moto. Ile yako ya hamsini ina nambari moja tu. Asubuhi ya Julai inakuwa..."

"Uji," alisema Bedan.

"Uji uliolala. Na ikishindwa kupita kwenye karatasi, kuna kijimlango kingine ndani ya filta kinachofunguka ili injini isikose oili kabisa. Oili inapita kando ya karatasi. Inapita na uchafu wake wote. Ulitaka kuitibu, ukaifungia hewa."

"Kwa hivyo ni mimi," alisema Bedan.

Waithera alimwekea mkono begani.

"Tusingekuja leo, kesho tungekuwa wawili tunaolia," alisema. "Endelea, Aqsa. Na hizi herufi za mtungini?"

"Herufi ya C mwanzoni ni ya dizeli. S ni ya petroli. Mitungi mingine ina zote mbili. Nyinyi ni dizeli, mtafute C, halafu mfuate kitabu cha injini kinavyosema kuhusu herufi ya pili. Msichague kwa rangi wala kwa bei. Msichague kwa kusugua vidole. Kidole hakijui oili itakuwaje ikichemka."

Alifungua kitabu kinene cha nambari za filta. Aliweka kidole kwenye nambari ya injini, akakivuta mpaka upande wa pili. Akaandika nambari ya filta kwenye karatasi ya Waithera. Kisha akapiga simu.

"Gordon, uko? Njoo Lucky Summer na spana zako. Kuna injini ya kufunguliwa chini. Ndiyo, leo."

*

Gordon ni fundi mrefu asiyependa maneno. Alilala chini ya pikapu, akafungua bakuli la oili, akafungua vifuniko vya beringi kimoja kimoja. Waithera alisimama karibu. Bedan hakuweza kusimama mahali pamoja.

Beringi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na doa la shaba, pana kama ukucha. Gordon alipitisha ukucha wake juu ya kranki, mbele na nyuma. Alifanya hivyo mara tatu.

"Sema kitu, fundi," alisema Bedan.

"Ukucha haukwami."

"Maana yake?"

"Kranki haijachunika. Beringi ndiyo imekula kipigo. Nitaweka mpya, zote." Alitoka chini, akajifuta. "Nani alizima gari?"

"Mimi," alisema Waithera.

"Ungeiacha igonge mpaka Kariokor, ningekuja kuchukua chuma cha kuuza kwa kilo."

Bedan alimtazama mke wake.

Kazi ilichukua siku mbili. Beringi zilipokaa, Bedan aliomba afunge filta mwenyewe. Aqsa alikuja kumwelekeza. Bedan alipaka oili kidogo kwenye mpira wa mdomo. Alipangusa pale inapokaa, akahakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania. Aliizungusha mpaka ikagusa, akaikaza kwa mkono kama alivyoelekezwa na maandishi ya pakiti. Hakutumia spana. Akamimina oili mpya, akapima kwa kijiti cha kupimia oili mpaka ikafika kati ya alama mbili. Gordon aliikatia injini mafuta, akaizungusha bila kuiwasha, mpaka oili ikafika kila mahali. Oili chafu waliirudisha kwenye mtungi, ikapelekwa kwa watu wanaokusanya. Haikumwagwa mtaroni. Ule mtungi mpya ulipokwisha, Waithera aliutoboa kwa msumari, ili mjanja asije akaujaza takataka na kumuuzia mwingine.

Asubuhi ya tatu ilikuwa baridi kuliko zote. Bedan alikaa kwenye usukani. Hakugeuza ufunguo. Alishika stika ya njano kwa vidole viwili, akaibandua yote.

"Mungu atatuona hata bila hii," alisema. "Hesabu, Mama Shirleen."

Akawasha.

"Mo—" alisema Waithera.

Taa ilikuwa imezima.

Waliinamisha vichwa, injini ikinguruma. Ungewaona ungedhani wanasali. Walikuwa wakisikiliza chuma kinaelea.

*

Kitabu cha injini, walichosomewa na Aqsa, kilisema wabadilishe oili baada ya kilomita elfu tano. Walibadilisha. Oili ilitoka nyeusi, na Bedan alishtuka mpaka Aqsa akamwambia dizeli huichafua oili mapema, huo ni moshi tu. Filta walikwenda kuikata kwake. Waliitandaza mpaka nje ya mlango. Walipitisha sumaku. Waliitazama mkunjo kwa mkunjo, kwenye jua. Ilikuwa na masizi. Haikuwa na mmeto hata mmoja.

Waithera aliipima tena kwa macho, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaketi chini kwenye tairi, akalia kidogo, akacheka.

Pikapu inapeleka matairi Kariokor siku tatu kwa wiki. Injini ya tatu haijahitajika.

Bedan amerudi kwenye duka lile lenye kile chuma cha kaunta. Hakwenda kugombana. Alimfungulia mwenye duka filta mbili, akamwonyesha. Mwenye duka alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, filta ya gari lake mwenyewe inatazama wapi. Hakujua hata yeye.

Sasa wewe.

Umesoma mpaka hapa, basi huna tena kisingizio. Usiseme fundi anajua. Usiseme mwisho wa mwezi. Usiseme gari ni la tajiri aliyekuajiri, kwa maana likifa ni wewe utakayekaa nyumbani, si tajiri. Nunua filta kwa nambari ya injini. Uliza mdomo unatazama wapi. Soma mtungi wa oili kabla hujafungua mkoba. Muuzaji akikuambia una maswali mengi, muulize lingine. Usitoke kwenye kaunta ile mpaka ujibiwe, na kama mko kumi, msitoke wote kumi.

Nambari ya injini yako imepigwa kwenye chuma, na imekaa hapo miaka yote ikingoja mtu. Wewe unajua kusoma. Weka kitabu hiki chini, chukua kitambaa, fungua boneti, uifute na uisome. Leo. Duka bado halijafungwa.